Kitenzi "dispense": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maana na Asili Yake

Kitenzi "dispense" kina maana gani hasa?

Kina maana nne zilizo hai hadi leo. Ya kwanza ni kutoa au kugawa kitu kwa kipimo, aghalabu kidogo kidogo na kwa watu mbalimbali. Ya pili ni kuandaa dawa iliyoandikwa na daktari na kumkabidhi mgonjwa pamoja na maelezo ya namna ya kuitumia. Ya tatu ni kutekeleza jambo kwa mamlaka uliyopewa, na mfano unaosikika zaidi ni kutoa haki mahakamani. Ya nne, ambayo ndiyo huwasumbua wanafunzi kuliko zote, hupatikana pale kitenzi hiki kinapofuatwa na "with": hapo maana yake ni kuachana na kitu, kukiondoa, au kufanya jambo bila ya kitu hicho. Kwa hiyo "to dispense medicine" ni kutoa dawa, ilhali "to dispense with medicine" ni kuacha dawa kabisa.

Maana tatu za mwanzo zinaelewana zenyewe kwa zenyewe. Ya nne inaonekana kuzipinga, na maswali mengi tunayopokea yanaihusu hiyo.

Neno hili limetoka lugha gani?

Limetoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa cha kale. Kilatini kilikuwa na kitenzi "dispensare", yaani kupima na kutoa, kulipa, kusimamia matumizi. Hicho kimejengwa juu ya "dispendere", chenye kiambishi "dis-" kinachoonyesha utengano au mtawanyiko, na "pendere", yaani kuning'iniza, kupima uzito, na pia kulipa. Wafaransa wakakirithi kama "dispenser", na Waingereza wakakichukua katika karne ya 14, wakati ambapo maelfu ya maneno ya Kifaransa yalikuwa yakimiminika katika lugha yao kutoka kwenye mahakama, makanisa na nyumba za wakubwa.

Kwa nini neno moja limaanishe kuning'iniza, kupima na kulipa kwa pamoja?

Kwa sababu zamani malipo yalipimwa kabla hayajahesabiwa. Kabla Roma haijawa na sarafu, watu walilipana kwa vipande vya shaba visivyo na umbo maalumu, na thamani ya kipande ilikuwa uzito wake. Mlipaji alikiweka kwenye sahani ya mizani iliyoning'inia, na mpokeaji akatazama. Mtu aliyepima, aliyelipa na aliyening'iniza alikuwa akifanya tendo lile lile.

Desturi hiyo iliendelea katika sheria hata baada ya sarafu kuenea. Mwanasheria Gaius, aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo, anaeleza namna ya kuhamisha umiliki wa mali kama vile mtumwa au ng'ombe: walihitajika mashahidi wasiopungua 5, raia wa Roma waliobaleghe, na mtu wa 6 wa kushika mizani ya shaba, ambaye cheo chake kiliitwa "libripens". Mnunuzi alitamka maneno yaliyowekwa, akaigusa mizani kwa kipande cha shaba, kisha akamkabidhi muuzaji kipande hicho kana kwamba ndiyo bei. Kipimo kilikuwa kimekwisha kuwa ibada tupu, lakini mizani haikuondolewa mezani.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua jambo hili bila kupitia Roma. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu anaponunua pango la Makpela amzike Sara, anampimia Efroni Mhiti shekeli 400 za fedha. Hakumhesabia, alimpimia, kwa kuwa shekeli ilikuwa uzito kabla haijawa sarafu. Na neno letu "fedha" limebeba historia ya namna hiyo, maana ni jina la madini na ni jina la pesa.

Ni maneno gani mengine ya Kiingereza yaliyo ndugu wa "dispense"?

Ukoo ni mkubwa. Upande wa malipo wapo "expense", "pension", "compensate" na "stipend", ambalo linatokana na "stipendium", yaani ujira wa askari wa Kirumi. Upande wa kuning'inia wapo "suspend", "depend", "pendant" na "pendulum". Upande wa kupima mambo akilini yupo "pensive", yaani mwenye mawazo mengi, pamoja na "ponder". Jina "pound", ambalo ni kipimo na ni sarafu, na jina "peso" la nchi zilizotawaliwa na Hispania, yote mawili yanarudi kwenye uzito. Hata "spend", kitenzi kifupi kinachoonekana kuwa cha Kiingereza asilia, kimetokana na "expendere" ya Kilatini, kikachanganyika baadaye na mtoto wa Kifaransa wa "dispendere".

Ndugu mmoja ni jina la ukoo. Katika nyumba kubwa za Uingereza ya enzi za kati alikuwapo mtumishi aliyeshika funguo za stoo ya chakula na kugawa posho, na aliitwa "dispenser" au kwa kifupi "spencer". Kutoka hapo likaja jina Spencer, alilozaliwa nalo Diana aliyekuja kuwa mke wa mwanamfalme Charles. Ukoo wa Despenser ulipanda hadi kukaa karibu na kiti cha Mfalme Edward II, na mmoja wao, Hugh Despenser mdogo, aliuawa hadharani mwaka 1326 baada ya kuonekana amejigawia mno.

Je, huko Roma alikuwapo mtu mwenye kazi ya kutoa na kugawa?

Alikuwapo, na aliitwa "dispensator". Kazi yake ilikuwa kushika fedha za bwana wake, kulipa madeni, kununua mahitaji na kuandika hesabu. La kushangaza kwa msomaji wa leo ni kwamba kwa kawaida mtu huyo alikuwa mtumwa, na hata mali za kaisari mikoani zilisimamiwa na madispensator walio watumwa. Zipo sababu za kisheria zinazotajwa na wanahistoria, lakini iliyo wazi kuliko zote ni kwamba mtumwa akishukiwa kuiba angeweza kuhojiwa kwa mateso, jambo ambalo lilikuwa gumu kumfanyia raia huru.

Hilo halikuwazuia kutajirika. Mwandishi wa Kirumi Plinius mkubwa anamtaja mtumwa wa Kaisari Claudius, Drusillanus aliyeitwa Rotundus, dispensator wa Hispania ya Karibu, ambaye alikuwa na sahani ya fedha yenye uzito wa ratili 500 za Kirumi, na ili itengenezwe ilibidi kijengwe kwanza karakana maalumu. Ratili ya Kirumi ilikuwa takriban gramu 327, kwa hiyo tunazungumzia sahani ya zaidi ya kilo 160. Mpimaji alikuwa amejipimia.

Ilikuwaje kitenzi cha kutoa kikawa na maana ya kuacha?

Hapa ndipo penye kiini cha historia ya neno hili, na jibu liko katika sheria za Kanisa.

Wakristo wa kwanza walioandika kwa Kigiriki walitumia neno "oikonomia", yaani usimamizi wa nyumba, kwa namna Mungu anavyopanga mambo yake na kwa dhamana anayoipokea mtumishi. Wafasiri wa Kilatini walitafuta neno la karibu, wakachukua "dispensatio", kazi ya yule mshika hesabu. Ndiyo maana Mtume Paulo, ambaye katika Biblia yetu anawaita watumishi wa Kristo "mawakili wa siri za Mungu", katika Kilatini anawaita "dispensatores".

Wakili mwema hagawi kwa kufuata orodha peke yake, bali hutazama hali ya kila mtu. Kutokana na fikra hiyo, wanasheria wa Kanisa katika enzi za kati waliita "dispensatio" ule uamuzi wa mwenye mamlaka wa kulegeza sheria kwa mtu fulani, katika jambo fulani, kwa sababu iliyopimwa, huku sheria yenyewe ikibaki palepale kwa wengine wote. Kwa Kilatini chao walisema askofu au papa "anadispensi pamoja na" mtu, yaani anashughulika na shauri lake na kumpa nafuu. Kihusishi "cum" cha Kilatini ndicho kilichokuwa "with" cha Kiingereza.

Baada ya hapo neno lilisogea kwa hatua ambazo zinaweza kufuatwa. Kwanza mwenye mamlaka alidispensi na mtu, akimwondolea wajibu. Kisha watu wakaanza kusema kwamba anadispensi na sheria yenyewe, akiiweka kando kwa shauri hilo. Mwisho, mtu yeyote asiye na mamlaka yoyote akaweza kudispensi na chochote: koti, kiamsha kinywa, salamu ndefu. Ruhusa ya kutofuata sheria ikawa hali ya kufanya bila ya kitu, na ile mizani, na yule papa, wakasahaulika.

Je, kuna tukio la kihistoria linaloonyesha uzito wa neno hili?

Yapo mawili, na yote ni ya Uingereza.

La kwanza ni la Mfalme Henry VIII. Kaka yake Arthur alifariki mwaka 1502 akiwa amemuoa Catherine wa Aragon, na sheria ya Kanisa ilikataza mtu kumuoa mjane wa ndugu yake. Papa Julius II alitoa ruhusa maalumu, yaani dispensatio, iliyoandikwa mwaka 1503, na ndoa ikafungwa 1509. Miaka ilipopita bila mtoto wa kiume aliyeishi, mfalme akageuka akadai kwamba papa hakuwa na uwezo wa kuiondoa amri iliyo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, kwa kuwa hiyo ni amri ya Mungu mwenyewe. Wapinzani wake wakamsomea Kumbukumbu la Torati 25, inayomwagiza mtu amuoe mke wa ndugu yake aliyekufa bila mtoto. Mabishano hayo juu ya mipaka ya neno moja ni sehemu ya sababu zilizoitenga Uingereza na Roma. Mwaka 1534 Bunge likahamishia kwa Askofu Mkuu wa Canterbury mamlaka ya kutoa ruhusa za namna hiyo, na ofisi inayozishughulikia ipo hadi leo.

La pili ni la Mfalme James II, aliyekuwa Mkatoliki katika nchi ambayo sheria ya mwaka 1673 iliwazuia Wakatoliki kushika vyeo vya serikali. Yeye akawapa vyeo vya jeshi kwa hoja kwamba mfalme anaweza kumwondolea mtu wajibu wa sheria, na mwaka 1686, katika shauri la Godden dhidi ya Hales, majaji 11 kati ya 12 wakamuunga mkono. Alipokwenda mbali zaidi na kusimamisha sheria zenyewe kwa tangazo, maaskofu 7 wakapinga, wakashtakiwa, na mnamo Juni 1688 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Kabla mwaka haujaisha mfalme alikuwa amekimbilia Ufaransa. Sheria ya Haki ya mwaka 1689 ikaeleza kwamba mamlaka ya kifalme ya kudispensi na sheria, kwa jinsi yalivyotumiwa siku hizo za karibuni, ni batili. Maneno hayo "siku hizo za karibuni" yanastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu Bunge halikuthubutu kusema kwamba hakuna mfalme aliyewahi kuwa na haki hiyo.

Je, "dispensation" ya Kanisa ni sawa na rukhsa katika fiqhi ya Kiislamu?

Zinakaribiana kiasi kwamba vitabu vya fiqhi vilivyoandikwa kwa Kiingereza mara nyingi hutafsiri rukhsa kwa neno hilo hilo. Msafiri na mgonjwa huruhusiwa kutofunga mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye, kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara aya ya 185, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kuqasiri swala, yaani kuifupisha, safarini ni rukhsa. Hukumu ya asili ipo, na nafuu ipo pembeni yake.

Tofauti ni ya nani anatoa. Rukhsa imekwisha kuwekwa ndani ya sheria yenyewe, na kila atakayetimiza sharti ameipata. Msafiri wa Tanga kwenda Dodoma hahitaji kumwandikia barua kadhi. Dispensatio ya Kikatoliki huombwa, hupimwa na hutolewa na mwenye mamlaka kwa mtu aliyetajwa. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na asiyebatizwa, kwa mfano, hupeleka ombi kwa askofu kupitia paroko, kwa kuwa kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaihesabu ndoa hiyo kuwa batili pasipo ruhusa. Kanuni ya 85 ya sheria hizo inaeleza kwamba kinacholegezwa ni sheria iliyowekwa na Kanisa tu.

Kwa mfasiri, habari njema ni kwamba neno "ruhusa" tulilonalo limetokana na rukhsa ya Kiarabu, hivyo "ruhusa maalumu" linatosha mahali pengi. "Msamaha" ni neno la kuepukwa hapa, kwa sababu linadokeza kosa lililokwisha kutendeka.

Wanaozungumzia "dispensations" saba za Biblia wanamaanisha nini?

Wanamaanisha vipindi vya historia ambamo, kwa mafundisho yao, Mungu alishughulika na wanadamu kwa utaratibu tofauti. Mafundisho hayo yalienezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19, na kupata wasomaji wengi kwa Biblia yenye maelezo iliyohaririwa na C. I. Scofield na kuchapishwa mwaka 1909. Neno lilikuwa tayari katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, kwenye Waefeso 1:10, mahali ambapo tafsiri yetu ya zamani inasema "madaraka ya wakati mkamilifu".

Lini neno hili likaingia katika mambo ya dawa?

Mapema sana, na kwa sababu iliyo wazi: mtengeneza dawa alikuwa mtu wa mizani. Dawa za Ulaya za enzi za kati na za karne zilizofuata zilikuwa mchanganyiko, pengine wa vitu makumi kadhaa, na kila kimoja kilipimwa. Kitabu cha vipimo hivyo kiliitwa "dispensatorium". Kinachojulikana zaidi ni cha Valerius Cordus, kilichochapishwa Nürnberg mwaka 1546 kwa idhini ya baraza la mji, ambalo liliwataka watengeneza dawa wake wakifuate.

Kutoka kwenye kitenzi likazaliwa jina la mahali, "dispensary". Katika miaka ya 1690 Chuo cha Madaktari cha London kilianzisha mahali pa kuwapa maskini dawa kwa gharama yake halisi, na wauza dawa wa mji wakakasirika, kwa maana waliona bei zao zimeanikwa. Ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi cha daktari Samuel Garth kuuandikia utenzi wa dhihaka mwaka 1699. Mwaka 1704 Nyumba ya Malodi iliamua, katika shauri la muuza dawa William Rose, kwamba watu wa kazi yake waliruhusiwa kumshauri mgonjwa na si kumuuzia dawa tu. Baadaye zikaenea zahanati za hisani zilizoendeshwa kwa michango: John Coakley Lettsom alishiriki kuanzisha ya Aldersgate, London, mwaka 1770, na Philadelphia ikapata yake, ya kwanza nchini Marekani, mwaka 1786.

Kwa nini basi zahanati ya kijijini inaitwa "dispensary" wakati inafanya mengi zaidi ya kutoa dawa?

Kwa sababu jina lilifika Afrika Mashariki na serikali ya kikoloni likiwa na maana ya mahali padogo pa kutolea tiba, na huduma zikaongezeka huku jina likibaki. Tanzania na Kenya leo zahanati hutibu wagonjwa wa nje, huchanja watoto na kupima wajawazito. Uingereza, kinyume chake, "dispensary" ni chumba cha dawa ndani ya hospitali au duka, na mtu akiambiwa aende huko hatarajii kumkuta muuguzi wa chanjo.

Wasomaji walioko Marekani wachukue tahadhari. Katika majimbo mengi ya huko neno hili sasa humaanisha duka halali la bangi, tangu California ilipoiruhusu kwa matibabu mwaka 1996 na Colorado ilipofungua mauzo kwa watu wazima tarehe 1 Januari 2014. Zamani zaidi, kati ya 1893 na 1907, jimbo la South Carolina liliuza pombe kupitia maduka ya serikali yaliyoitwa kwa jina hilo hilo. Mgeni kutoka Morogoro anayetafuta panadol ya mtoto aulize "pharmacy".

"Kudispensi" dawa ni zaidi ya kukabidhi paketi?

Ni zaidi, na ndiyo maana wataalamu wa famasia hawapendi tafsiri ya "kugawa dawa". Tazama kinachotokea kwenye dirisha la dawa la zahanati mama anapofika na mtoto mwenye malaria. Mtoto amekwisha kupimwa uzito na kilo zake zimeandikwa kwenye cheti. Mtoa dawa anasoma cheti, kisha anachagua dawa mseto ya malaria (ALu) kwa kilo hizo: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kwa kila dozi, kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2, kuanzia 25 hadi chini ya 35 ni vidonge 3, na kuanzia 35 kwenda juu ni vidonge 4. Dozi ni 6 kwa siku 3, kwa hiyo mtu mzima huondoka na vidonge 24. Vidonge vya homa anavihesabu kwenye sinia dogo kwa kijiti bapa, anavitia kwenye bahasha ya plastiki, anaandika 1x3, halafu anamwambia mama kwa mdomo, "kutwa mara tatu, baada ya chakula", na akiwa makini anamtaka arudie. Kusoma, kupima, kuhesabu, kuandika na kueleza, yote yamo ndani ya kitenzi kimoja. Na mizani ya Warumi, ukiitafuta, iko pale pale chini ya mtoto.

Tanzania ilipoanzisha mwaka 2003 mkoani Ruvuma maduka ya dawa yaliyothibitishwa, jina la Kiingereza lilibeba neno "dispensing", lakini la Kiswahili likawa Duka la Dawa Muhimu. Kwa maoni yetu jina la Kiswahili ni bora, kwa sababu linamwambia mnunuzi atakachokikuta ndani.

"Dispenser" ni mtu au ni mashine?

Ni vyote viwili, na wakati ndio unaoamua. Katika Kiingereza cha nusu ya kwanza ya karne ya 20 alikuwa mtu anayetayarisha dawa. Agatha Christie alifanya kazi hiyo katika hospitali ya Torquay wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na akafaulu mtihani wake mwaka 1917. Ujuzi wake wa sumu katika riwaya ulianzia hapo. Leo neno hili humleta zaidi akilini mtungi wa maji wa ofisini, ambao wengi wetu huuita dispensa, au kifaa cha sabuni ukutani. Mashine ya kwanza ya kutolea pesa ya benki ya Barclays, iliyozinduliwa Enfield tarehe 27 Juni 1967, nayo Waingereza waliiita hivyo. Wazo lenyewe ni kongwe: Heron wa Aleksandria, katika karne ya 1, alieleza chombo cha hekaluni kilichotoa maji kiasi baada ya mtu kutumbukiza sarafu ya drakma 5, ambayo uzito wake ulishusha kijisahani na kufungua njia ya maji.

"To dispense justice" litafsiriwe vipi?

"Kutoa haki" au "kutenda haki". Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatupa mfano mzuri katika ibara ya 107A, iliyoongezwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000. Mahali ambapo maandishi ya Kiingereza yana kitenzi hiki na nomino yake, maandishi ya Kiswahili yanasema "utoaji haki" pale yanapozungumzia mamlaka ya Mahakama, na "kutenda haki" pale yanapowaagiza majaji wasifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ibara hiyo hiyo, ukiisoma kwa makini, inagusa pia upande wa pili wa kitenzi, kwa kuwa inawataka majaji watoe haki na, inapobidi, waweke kando vikwazo vya utaratibu.

Kinatofautianaje na "distribute", "disburse", "issue", "administer" na "dole out"?

"Distribute" ni kusambaza au kugawanya kwa wengi, na mkazo uko kwenye mgawanyo. Vitabu husambazwa shuleni. "Disburse" kimetokana na Kifaransa cha kutoa kwenye mfuko wa pesa, na hutumika kwa fedha peke yake: Bodi ya Mikopo hufanya hivyo, na wanafunzi husema boom, yaani pesa za mkopo, limetoka. "Issue" ni kutoa rasmi kitu kama pasipoti au hati. "Administer" ni kumpa mgonjwa dawa mwilini, na hapa wauguzi hawachezi: mfamasia hudispensi sindano, muuguzi humchoma mgonjwa, na hizo ni kazi mbili zenye saini mbili. "Dole out" kina asili ya Kiingereza cha kale, kutoka neno la fungu, na kina harufu ya kutoa kidogo kwa shingo upande.

Na "disperse"?

Hilo halina undugu. Limetokana na Kilatini cha kutawanya. Polisi hutawanya umati. Akiandika mtu kwamba waliudispensi, atakuwa amewapa watu umati kwa kipimo.

"Indispensable" linahusianaje na haya yote?

Katika karne ya 16 lilikuwa neno la sheria ya Kanisa, likimaanisha sharti ambalo hakuna mwenye mamlaka awezaye kuliondoa. Kadiri "dispense with" lilivyozoeleka kwa maana ya kufanya bila ya kitu, nalo likageuka kuwa "-sioweza kukosekana". Kiswahili fasaha ni "wa lazima" au "asiye na mbadala", kutegemea kama unazungumzia kitu au mtu.

Nitafsiri vipi "let us dispense with the formalities"?

"Tuache urasmi" inatosha, au "tuende moja kwa moja kwenye mada". Mikutanoni tuna njia yetu wenyewe: msemaji husimama, hutamka "itifaki imezingatiwa", na kuanza hotuba. Kwa maneno amesema kwamba itifaki imefuatwa, lakini kwa tendo ameiruka orodha nzima ya waheshimiwa, na waheshimiwa wenyewe wanapiga makofi. Mfasiri aliye kwenye kibanda cha ukalimani hatakosea akiitafsiri kwa "dispense with".

Tahajia na matamshi yake ni yapi?

Mkazo uko kwenye silabi ya mwisho katika kitenzi, na kwenye silabi ya pili katika "dispenser", "dispensary" na "dispensable". Katika "dispensation" mkazo huhamia kwenye silabi ya tatu. Viambishi ni "-able", si "-ible", na "-ary", si "-ery". Kitenzi huandikwa kwa "s" Uingereza na Marekani pia, tofauti na "defence" na "licence", ambazo tahajia zake hutofautiana kati ya nchi hizo mbili.